Maumivu ya Saratani: Adui Asiyeonekana na Wanyama Waliomfichua

Askari anayajua maumivu. Huyaonja tangu siku za mafunzo, malengelenge yanapompasuka ndani ya buti, na wengine wetu wameyaonja zaidi katika mapambano. Lakini yapo maumivu ambayo hayafundishwi kambini wala hayatangazwi kwa tarumbeta. Nayo ni maumivu ya saratani, ugonjwa ambao wengi tumezoea kuuita kansa. Leo tunapenda kuwaeleza ndugu zetu wa jeshi na wa polisi jinsi wataalamu walivyoyachunguza maumivu hayo kwa msaada wa wanyama, nini kimepatikana, na kwa nini habari hii inamhusu mtu mwenye sare.

Tutaieleza huku tukiitazama Mutoyi, katika eneo la Gitega, nchini Burundi. Hapo pana misheni ya Kikatoliki pamoja na hospitali inayowahudumia wananchi wa vilimani. Tumepachagua kwa sababu askari wengi wa Burundi wametoka katika vilima kama hivyo, na ndiko watakakorudi siku watakapovua sare.

Tuchukue mfano. Sajini amelitumikia taifa lake kwa miaka mingi, amestaafu, amerudi kilimani kulima ndizi na maharagwe. Anapata saratani ya tezi dume, ugonjwa unaowapata zaidi wanaume waliokwisha kula chumvi nyingi. Saratani hiyo ina tabia ya kuhama na kwenda kupiga kambi katika mifupa, hasa ya mgongo na ya nyonga. Sasa mzee wetu ana maumivu ya aina mbili. Moja ni yale ya kudumu, yanayomsaga usiku na mchana. La pili ni yale ya ghafula, yanayomchoma akigeuka kitandani, akikohoa, au akijaribu kusimama ili amsalimu mgeni. Mtu aliyestahimili kiu na risasi analia mbele ya wajukuu zake. Je, tumwambie ajikaze kiume?

JERAHA SI SAWA NA UVIMBE

Wako watakaosema kwamba maumivu ni maumivu, na kwamba aliyevumilia jeraha la vita atavumilia na ugonjwa. Fikira hiyo si sahihi, na aliyetupatia ushahidi wa mapema ni daktari wa jeshi.

Katika Vita Kuu ya Pili, daktari wa Jeshi la Marekani aitwaye Henry Beecher aliwahudumia majeruhi katika uwanja wa mapigano wa Italia. Aliwauliza askari walioumia vibaya kama walitaka dawa ya kutuliza maumivu. Katika taarifa aliyoitoa mwaka 1946 alieleza jambo lililowashangaza wengi: kiasi cha robo tatu ya majeruhi hao, ingawa walikuwa wamekaa saa kadhaa bila ya mofini, hawakuwa na maumivu makali kiasi cha kuitaka dawa hiyo. Beecher alifikiri kwamba kwa askari wale jeraha lilikuwa na maana ya kuokoka. Vita kwao ilikuwa imekwisha, na walikuwa wakirudishwa nyuma kwenye usalama.

Mgonjwa wa saratani hana faraja ya namna hiyo. Maumivu yake hayamwambii kwamba ameokoka, bali humkumbusha kila saa kwamba adui angali ndani ya ngome. Basi mizani ya askari majeruhi haifai kumpimia mgonjwa huyu. Ilibidi maumivu ya saratani yachunguzwe yenyewe, kwa njia yake yenyewe.

ASIYE NA ULIMI

Wahenga walisema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Maumivu yana siri kama hiyo, kwani ayajuaye ni mwenyewe. Binadamu angalau hueleza kwa maneno. Mnyama hana ulimi wa kutuambia; hata hivyo, kabla ya dawa mpya kumezwa na binadamu, kwa kawaida hujaribiwa kwanza kwa mnyama. Je, mtafiti atajuaje kwamba mnyama anaumia na kwamba dawa imemsaidia?

Hapa wataalamu walifanya kazi ambayo kila askari wa upelelezi ataitambua: kutazama dalili, kuzihesabu na kuziandika. Mnyama aumiaye mguu huuinua, huulamba, hukataa kuukanyagia. Mtafiti hushika saa na kuhesabu. Mwaka 1977 wataalamu wawili, Dubuisson na Dennis, walieleza kipimo kinachotumika hadi leo: kiasi kidogo cha dawa ya fomalini hutiwa chini ya ngozi ya mguu, na mtazamaji huandika jinsi mnyama anavyouhudumia mguu huo dakika baada ya dakika. Kipimo kingine ni bamba la moto, ambapo huhesabiwa sekunde zinazopita kabla mnyama hajainua mguu, kisha huondolewa mara moja. Mwaka 2010 wataalamu wa Kanada walionyesha kwamba hata uso wa panya husomeka. Anapoumia hufumba macho, hutunisha pua na mashavu, na masikio na sharubu zake hubadili mkao.

KAZI YA NAIROBI

Msomaji asidhani kwamba kazi hizi zote zilifanyika Ulaya na Marekani. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi, wataalamu wa elimu ya miili ya wanyama walizifanya kwa wanyama wa ardhi yetu wenyewe. Mmoja wao, Titus Kanui, pamoja na wenzake, walichunguza maumivu kwa mamba, kwa fuko wa kawaida anayekula mizizi mashambani, na kwa fuko asiye na manyoya.

Huyu wa mwisho anastahili kuelezwa. Ni mnyama mdogo mwenye ngozi tupu iliyokunjamana, meno yaliyochomoza nje ya midomo, na macho yasiyoona vizuri. Huishi chini ya ardhi kavu ya Kenya, Ethiopia na Somalia, katika kundi lenye malkia mmoja na wafanyakazi wengi, mfano wa nyuki. Askari wa Burundi waliokwenda Somalia tangu mwisho wa mwaka 2007 chini ya bendera ya Umoja wa Afrika walikwenda katika nchi yenye mnyama huyu, na huenda wengi hawakujua kwamba maabara kubwa za dunia zilikuwa zikimtafuta.

Mwaka 1990 Kanui na mwenzake Hole walitoa matokeo ya ajabu. Walimpa fuko huyo mofini, dawa kuu ya maumivu, kisha wakampima kwa bamba la moto. Badala ya kustahimili zaidi, aliinua mguu upesi kuliko kabla ya dawa. Zaidi ya hayo, mafuko waliokaa pamoja waligeukiana kwa ukali na kushambuliana hadi kuuana. Lakini mwaka 1993 Kanui, Karim na Towett walimpima mnyama yuleyule kwa fomalini, na safari hii mofini ilifanya kazi yake ipasavyo ya kupunguza dalili za maumivu.

Mnyama mmoja, dawa moja, majibu mawili. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba maumivu hayapiti njia moja. Moto unaogusa ngozi kwa sekunde chache hauamshi mishipa ya fahamu sawasawa na uchungu unaokaa ndani ya nyama. Mtafiti akitegemea kipimo kimoja atapotoka, kama kamanda anayetuma mpelelezi mmoja kwa njia moja na kuamini kwamba ameiona nchi nzima.

Baadaye fuko huyu alizidi kuwashangaza walimwengu. Mwaka 2008 ilielezwa kwamba ngozi yake haionyeshi dalili za maumivu ikiguswa na tindikali wala na ukali wa pilipili. Mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walieleza kwamba mwili wake una ute mzito wa namna ya pekee unaosaidia kuzuia saratani. Si kwamba saratani haimpati kabisa, kwa maana mwaka 2016 ziliripotiwa kesi chache. Hata hivyo ni mnyama anayeweza kuishi zaidi ya miaka 30, hali panya wa nyumbani kwa kawaida hafikii hata sehemu ya kumi ya umri huo.

MFUPA WA PANYA

Pamoja na yote hayo, fomalini na bamba la moto si saratani. Kwa miaka mingi wataalamu walipima maumivu ya muda mfupi, kisha wakakisia yale ya saratani. Mwaka 1999 kundi la Patrick Mantyh katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, lilivuka kikwazo hicho. Walichukua chembe za saratani, wakazitia ndani ya mfupa wa paja la panya mdogo, wakaziba tundu ili zisitoroke. Chembe zikaongezeka na kuula mfupa. Panya akaanza kuulinda mguu wake na kushtuka akiguswa kidogo tu.

Walipochunguza uti wa mgongo, waliona kwamba ule upande unaopokea habari za mguu mgonjwa ulikuwa umebadilika mno. Mwaka 2000 wakalinganisha maumivu ya uvimbe wa kawaida, ya mshipa wa fahamu uliojeruhiwa, na ya saratani ya mfupa. Kila moja lilikuwa na alama zake katika uti wa mgongo, kama vile kila kikosi kilivyo na nembo yake. Maumivu ya saratani si jeraha lililozidi ukubwa tu. Ni hali ya peke yake.

Mwaka 2002 kundi hilo lilitoa jambo lenye faida kubwa kwa muuguzi. Ili kutuliza maumivu ya saratani ya mfupa kwa panya, ilihitajika mofini mara kumi kuliko ile iliyotosha kutuliza maumivu ya uvimbe wa kawaida yenye ukali uliolingana. Basi mgonjwa wa saratani anaposema kwamba dozi ndogo haijamsaidia, asidhaniwe kuwa mwoga, mdekaji au mlevi wa dawa. Mfupa wake umeshambuliwa na adui wa namna nyingine.

Tena ilionekana kwamba chembe za saratani haziuli mfupa kwa meno yao wenyewe. Huzichochea chembe za mwili zilizo na kazi ya kuvunja mfupa wa zamani ili mpya ujengwe, zikavunja kupita kiasi. Mwaka 2000 panya waliopewa kitu kinachozizuia chembe hizo walipungukiwa na maumivu na mifupa yao ikahifadhika. Mwaka 2010 dawa iitwayo denosumabu, inayokata amri hiyohiyo ya uharibifu, iliruhusiwa nchini Marekani kwa wagonjwa ambao saratani yao imeingia mifupani. Ndivyo elimu iliyopatikana kwa panya na elimu iliyopatikana kwa watu zilivyokutana katika jambo moja.

MWONGOZA NJIA SI JEMADARI

Tusije tukaeleza ushindi peke yake na kuficha kushindwa. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba kukizuia kitu fulani cha mwilini kinachopeleka habari za uchungu, kiitwacho sabstansi P, kungetuliza maumivu ya binadamu. Kwa wanyama dawa za namna hiyo zilionyesha matumaini. Kwa binadamu hazikutuliza maumivu ilivyotazamiwa. Lakini juhudi haikupotea, kwani dawa moja ya ukoo huo, aprepitanti, iliruhusiwa Marekani mwaka 2003 kuzuia kutapika kunakoletwa na dawa kali za saratani.

Vivyo hivyo, dawa iitwayo tanezumabu, inayozuia kitu kinachokuza mishipa ya fahamu, ilitokana na njia iliyoonyesha mafanikio kwa panya. Ilipojaribiwa kwa watu wenye ugonjwa wa viungo, baadhi yao viungo vyao viliharibika upesi. Mwaka 2021 washauri wa serikali ya Marekani waliipinga, na kampuni iliyoitengeneza ikaachana nayo.

Funzo ni kwamba mnyama ni mwongoza njia, si jemadari. Hutuonyesha bonde na kivuko, lakini jeshi haliingii mahali kwa neno la mwongozaji mmoja bila ya kuhakikisha. Panya wa maabara ni kijana, ana uvimbe mmoja, na huchunguzwa kwa majuma machache. Mgonjwa wa kilimani ni mzee, amedhoofika, na maumivu yake yamechanganyika na hofu, upweke na fikira za watoto watakaobaki.

DENI KWA MNYAMA

Msomaji mwenye huruma atauliza: je, ni haki kumtia mnyama maumivu ili binadamu apone? Swali hili ni la heshima, na wataalamu wenyewe hawakulikwepa. Mwaka 1959 Waingereza wawili, Russell na Burch, waliandika kanuni tatu ambazo zimekuwa msingi wa sheria katika nchi nyingi. Kwanza, mnyama asitumike ikiwa iko njia nyingine. Pili, wakitumika wawe wachache iwezekanavyo. Tatu, wapunguziwe mateso kwa kila namna. Mwaka 1983 chama cha kimataifa cha wachunguzi wa maumivu nacho kilitoa mwongozo wake, kikitaka mnyama asitiwe maumivu zaidi ya yale yasiyoepukika kwa uchunguzi.

Sisi askari tunaelewa jambo hili. Tunawajua mbwa wa polisi, na tunawajua panya buku wanaofunzwa Morogoro, Tanzania, kunusa mabomu yaliyozikwa ardhini. Mnyama aliye katika utumishi ana haki ya kutunzwa, na kazi yake haina haki ya kupotezwa. Na ndipo linapokuja swali gumu kuliko yote. Ikiwa wanyama wameumizwa ili tujue jinsi ya kumtuliza mgonjwa, kisha mgonjwa akaachwa alie usiku kucha kwa kukosa dawa inayojulikana miaka nenda miaka rudi, je, deni hilo tumelilipaje?

DAWA ILIYO NJIANI

Mofini si dawa mpya wala si ghali kutengenezwa. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutuliza maumivu ya saratani. Lilisema dawa inywewe kwa mdomo kila iwezekanapo, itolewe kwa saa maalumu bila ya kungoja mgonjwa alie, na ipandishwe ngazi kwa ngazi kulingana na ukali wa maumivu. Lakini taarifa ya tume ya wataalamu iliyotolewa mwaka 2017 ilionyesha kwamba katika tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizogawanywa duniani kwa mwaka, nchi maskini kuliko zote zilipata sehemu moja tu ya kumi ya tani moja.

Jirani zetu wa Uganda walionyesha kwamba umaskini si kisingizio. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha huko shirika la Hospice Africa Uganda la kuwahudumia wagonjwa wasioweza kuponywa. Unga wa mofini ulichanganywa na maji, ukawa dawa ya kunywa ambayo mgonjwa hupewa akakaa nayo nyumbani kwake. Mwaka 2004 sheria ya Uganda iliwaruhusu hata wauguzi waliofunzwa kwa kazi hiyo kuandika mofini, maana madaktari ni wachache na vijiji ni vingi. Mtu anayekaa mbali na mji hakulazimika tena kubebwa kwa machela ili akatafute sahihi ya daktari.

Na hapa ndipo polisi na askari wanapoingia moja kwa moja katika habari hii. Mofini ni dawa inayodhibitiwa kwa sheria, na ni sawa idhibitiwe, kwa sababu ikitumiwa ovyo inaharibu watu. Lakini Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961, uleule unaowapa polisi nguvu ya kupambana na madawa ya kulevya, unakiri katika utangulizi wake kwamba dawa hizo zinahitajika sana kwa kutuliza maumivu, na kwamba lazima ziwepo kwa ajili hiyo. Sheria ina makali pande mbili. Inamwamuru polisi kumzuia mlanguzi, na inamwamuru asimzuie muuguzi.

Tufikirie kituo cha mpakani cha Kobero, upande wa Muyinga, ambapo hupita malori yatokayo bandari ya Dar es Salaam. Au kizuizi cha barabarani kwenye njia ya kwenda Gitega. Polisi anafungua sanduku, anakuta chupa zenye jina la mofini. Asiyefunzwa ataona kosa tu. Aliyefunzwa ataomba hati, atalinganisha idadi na muhuri, ataandika katika daftari lake, kisha ataruhusu sanduku liendelee bila ya kukawia. Hati zikipungua au hesabu isipolingana, atachukua hatua bila ya kumwonea mtu haya. Huo ndio ulinzi kamili. Saa sita za kuchelewa kizuizini ni saa sita za mateso kwa mtu asiyejua kwa nini dawa haijafika.

WAJIBU WETU

Kwa hiyo tunawaomba ndugu zetu wayashike mambo machache. Kwanza, mwenzetu, mzazi au mke akilalamika maumivu ya mifupa yasiyoisha, hasa ya usiku, apelekwe hospitali mapema, badala ya kuambiwa ajikaze. Pili, aliyekwisha kuambiwa ana saratani asione aibu kueleza maumivu yake kwa ukweli, yako wapi, yanaanza lini na yanazidi lini, kwa sababu daktari hawezi kupima asichoambiwa. Tatu, anayekunywa mofini kwa amri ya daktari asisingiziwe kuwa mlevi, wala asikatishiwe dawa ghafula na jamaa wenye hofu. Nne, walinzi wa barabara na mipaka waijue sheria kwa pande zake zote mbili.

Panya wa maabara hakuulizwa kama anakubali, na fuko aliyechimbuliwa katika ardhi kavu ya Kenya hakujua alilokuwa akitumikia. Kwa mateso yao tumejua kwamba maumivu ya saratani yana njia zake, yana alama zake, na yana dawa. Kazi iliyobaki si ya mnyama tena. Ni yetu sisi tunaolinda njia ambazo dawa hiyo hupitia mpaka imfikie mzee aliyelala kilimani Mutoyi, ambaye jana alikuwa askari kama sisi.